Jibu la Mwezi Mweupe

7 Februari

Leo nimepima damu ya kaka Damdin mara tatu. Mara ya kwanza ikatoka 64. Nikasema mashine imepata baridi, maana asubuhi dirisha la maabara lilikuwa na barafu kwa ndani. Mara ya pili 66. Nikafungua chupa mpya ya kemikali, nikaanza upya. 64. Desemba ilikuwa 11.

Naandika nyuma ya rejista ya zamani kwa sababu hakuna wa kumwambia. Protini hii tunaiita alfa. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, kisha mtoto akizaliwa ini huisahau kazi hiyo. Ikirudi kwa mwanamume wa miaka hamsini na tatu, kuna kitu ndani yake kimeanza kukua kana kwamba ndiyo kwanza kinaumbwa. Nina miaka kumi na tisa katika chumba hiki. Nimeandika namba za maelfu ya watu wa mkoa huu, kisha nikaenda kula chakula cha mchana. Leo sikula.

Daktari Yadam alitazama karatasi kwa muda. "Vimeng'enya vya ini navyo vimepanda," akasema. "Inawezekana ni homa ya ini ya virusi tu, na alfa imepanda nayo. Nimeona hivyo mara nyingi. Apigwe picha ya tumbo, na damu irudiwe baada ya wiki nne. Dulmaa, wiki nne. Si miezi minne."

Nimeshika hilo neno "inawezekana" kwa mikono miwili.

9 Februari

Mkesha wa Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya. Nimefika kambini kwa kaka, saa tatu za barabara yenye theluji ngumu. Mama amekunja buuz mia nne, unga juu na nyama ndani, na bado anakunja. Wifi yangu Handaa hajanyamaza tangu nishuke garini: mbuzi gani amekufa, jirani gani mchoyo, nani kanenepa. Huyu mwanamke ni wa kutoka magharibi, na miaka ishirini ya ndoa haijamfundisha kuweka mlango mdomoni. Kaka amefurahi kuniona. Hajauliza kitu.

10 Februari

Nimefanya jambo baya, na nimelifanya kwa adabu zote.

Asubuhi ya kwanza ya mwaka tumeamkiana kama inavyopasa, kila mdogo akishika viwiko vya mkubwa kwa chini. Nilipomshika kaka, alininusa shavu kulia na kushoto. "Umekaa salama, mdogo wangu?" Nikajibu salama, kaka. "Baridi imekupita salama?" Salama, kaka. Watu wazima kumi na wawili walikuwa wamekaa mviringo humo hemani, na kitambaa cha buluu cha heshima mikononi mwetu. Ndipo akaongeza, kwa sauti ileile ya salamu, "Na damu yangu inasemaje?"

Kila mtu anajua siku ya leo haijibiwi vibaya. Aliyepoteza nusu ya kundi husema mifugo imenona. Jibu la siku ya kwanza huenda na mwaka mzima, na mama alikuwa nyuma yake akinitazama mdomo. Nikasema, "Imetulia, kaka."

Akacheka kwa furaha. "Mmesikia? Mtu wa maabara kasema." Akamimina vodka, akanywa moja tu, lakini alikunywa. Nilikula buuz sita bila kujua zina ladha gani.

Kesho nitamwambia.

12 Februari

Sikumwambia. Wageni kila siku. Mama amesema mambo ya mjini yasubiri mwezi uishe.

20 Februari

Theluji. Ganda la barafu juu ya malisho. Mashine inafanya kazi.

8 Machi

Wiki nne zimepita na siku zake. Nimempigia kaka simu.

"Mbuzi wanazaa," akasema. "Jana tisa. Watatu wamekufa kwa baridi kabla sijawafikia. Nije mjini kufanya nini?"

"Picha ya tumbo tu. Kipimo cha kawaida."

"Si ulisema imetulia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilisikia upepo kwenye simu yake na kilio cha kitoto cha mbuzi, pengine alikuwa nacho ndani ya vazi lake, kifuani. Nikasema, "Ndiyo, lakini ni utaratibu."

"Basi utaratibu na usubiri mbuzi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimejua hivyo tangu utoto, ila nilidhani inahusu matusi.

15 Machi

Daktari Yadam ameuliza, "Kaka yako?" Nimejibu, "Yuko njiani." Huu ni uongo wa pili, nao umetoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

16 Machi

Baba alikufa nikiwa na miaka tisa. Alikuwa na arobaini na tisa. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, na hatukuwahi kulitaja jina la ugonjwa, wala mama hajalitaja hadi leo. Kaka aliacha shule akachunga ili mimi nisome. Kabla ya hapo, kwenye bweni la shule, sindano moja ya chanjo ilizunguka watoto wote, kaka mbele, wadogo nyuma. Mimi pia ninacho kirusi hicho cha ini, kama yeye. Kipimo changu cha mwisho ni cha miezi kumi iliyopita. Sijui kwa nini sikipimi. Ninajua, ila siandiki.

27 Machi

Dhoruba ya vumbi. Saa nane mchana tumewasha taa. Vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la sampuli.

Kumeletwa mama mmoja na wanawe wawili. Alfa yake imepita elfu kumi na moja. Wanawe wamenifuata koridoni. "Dada, usimwonyeshe karatasi. Tumemwambia ni mawe ya nyongo." Nikawaona wajinga, watu wazima na kofia zao mkononi. Nilipokuwa nanawa mikono ndipo nikakumbuka mimi ni nani.

12 Aprili

Nimekwenda mwenyewe, na kisanduku cha baridi. Nimemdanganya kaka kwamba hospitali inapima wafugaji wote wenye kirusi msimu huu. Ukiuhesabu, ni uongo wa tatu.

Nilimkuta anachana mbuzi. Kitana cha chuma kinapita shingoni hadi mbavuni, manyoya laini yanatoka kama moshi. Alinyoosha mkono wake wa kushoto bila kuacha kumshikilia mbuzi kwa goti. Mshipa ulikuwa rahisi kuuona. Mno.

Handaa alinifuata hadi kwenye gari. "Dulmaa, mume wangu sasa anazungusha mshipi wake mara nne. Mwaka jana ulizunguka mara tatu. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu hadi nne najua. Ana nini?"

Mama alikuwa karibu, anakusanya samadi kavu. "Handaa," akasema, "usiliite jambo kwa kulitaja."

"Mama, nyinyi hapa mbwa mwitu mnamwita yule wa nyikani, ili asisikie. Haya, mwiteni hivyo. Kondoo si anakufa vilevile?"

"Adabu yako."

"Adabu ninayo. Ninayetaka kubaki naye ni mume."

Nikapanda gari. Mwaka wote nimemwita huyu mwanamke mdomo wazi, na leo nimemkimbia kama mwizi.

14 Aprili

290.

Nimepima mara moja tu. Sikuwa na sababu ya kuilaumu mashine.

Nimegawa damu iliyobaki na kuituma mji mkuu kwa kipimo cha pili, ambacho sisi hatuna mashine yake. Hicho hutafuta pivka, protini ya kugandisha damu ambayo ini gonjwa huitoa ikiwa nusu tu imeundwa. Vimeng'enya vyake vimeshuka, viko karibu na kawaida. Kwa hiyo si homa ya ini ya virusi. Lile neno nililolishika limeponyoka.

19 Aprili

Pivka ni 410. Mtu mzima hapaswi kupita arobaini.

Daktari Yadam alifunga mlango. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka sita, na sijawahi kumwona amekasirika.

"Alfa peke yake ingeweza kutudanganya," akasema. "Zikipanda mbili pamoja hazidanganyi. Dada Dulmaa, ile namba ya kwanza ulimwambia lini?"

"Sikumwambia."

Alivua miwani, akaiweka mezani. "Wiki kumi."

"Ilikuwa Mwezi Mweupe."

"Najua ilikuwa lini. Na mimi nilikula buuz." Kisha akasema taratibu, kama anayemwambia ndugu wa mgonjwa, na kweli ndivyo nilivyokuwa. "Sikiliza. Uvimbe wa aina hii ukiwa mdogo hukatwa, na watu wanachunga hadi uzeeni. Lakini pivka ikipanda hivi, mara nyingi unakuwa umeanza kutafuta mishipa ya damu. Sijui kama umeipata. Nimempatia nafasi mji mkuu, picha ya tumbo kwanza, kisha upasuaji tarehe sita Mei. Asiikose. Na wewe ndiye utakayemwambia."

Ninaogopa. Nimeandika neno hili mara moja, nikatazama kama kalamu itakataa.

20 Aprili

Mama alitoka kunipokea na kijiko cha maziwa mkononi, alikuwa anarushia mbingu maziwa ya asubuhi. Alinitazama usoni mara moja tu. "Leo siku si nzuri," akasema. "Kalenda inasema Jumanne ndiyo njema. Na mbuzi bado sitini. Ngoja amalize kuchana."

Nikangoja. Nina miaka arobaini na nne, nina namba mbili mfukoni, na nikangoja. Nilimshikia kaka miguu ya mbuzi. Tukachana mmoja, wawili, watano. Alikuwa akitania kwamba mikono ya mjini imekuwa laini kuliko manyoya. Kila alipoinama, alishika ubavu wa kulia kwa kiwiko, kama mtu anayezuia mfuko usidondoke.

Handaa ndiye aliyekuja na kusimama mbele yetu, ndoo mkononi. "Dulmaa. Gari la hospitali haliji mara mbili kwa mwezi kutazama mbuzi. Sema mbele yake. Ukimficha yeye, atakayebaki kumzika ni mimi."

Mama akasema, "Handaa." Handaa hakugeuka.

Nikasema. Nilisema yote, kuanzia 64. Nilisema jina la ugonjwa pia, na mama akaziba masikio kwa viganja.

Kaka hakuacha kitana. Alimaliza ubavu mzima wa yule mbuzi, polepole, hadi mkiani. Akafungua kamba za miguu, mbuzi akasimama, akajitikisa, akaenda zake. Ndipo akanitazama.

"Siku ile nilikuuliza."

"Ilikuwa sikukuu, kaka. Watu wote walikuwepo."

"Nilikuuliza wewe. Sikuiuliza sikukuu."

Nikaokota kamba za mbuzi, nikazikunja.

"Miezi miwili nimelala vizuri," akasema. "Ubavu ukiniuma, najiambia, Dulmaa amesema imetulia. Handaa ananiambia nenda mjini, ninamgombeza. Nimemgombeza mke wangu kwa neno lako."

Handaa alileta chai. Mimi ndiye mdogo, nikachukua bakuli nimpe kaka kwa mikono miwili kama ilivyo desturi. Hakulipokea. "Leo sinywi chai ya mkono wako," akasema, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Bakuli likapoa mikononi mwangu mbele ya mama yangu.

Kabla sijaondoka akaniambia, "Handaa ndiye atakayekuja nami mji mkuu. Mtu wa maabara atabaki na mbuzi."

3 Mei

Nimechukua likizo. Mbuzi arobaini na saba wamebaki. Kaka na Handaa wameondoka alfajiri. Mama alirusha maziwa nyuma ya gari hadi gari likawa doa.

4 Mei

Mbuzi saba. Vidole vimepasuka.

5 Mei

Mbuzi tisa. Dhoruba ya vumbi mchana kutwa. Mama na mimi tumekaa hemani, kamba ya paa tumeishika kwa zamu. Kisha mama akasema, akiwa amelitazama jiko, "Baba yako naye aliniuliza. Nilimwambia ni tumbo tu."

6 Mei

Simu hapa hushika juu ya kilima pekee. Nilipanda mara nne. Mara ya nne Handaa akapokea.

"Wametoa. Sentimita nne kasoro. Daktari amenionyesha, mimi nikatazama, usifikiri sikutazama."

"Mishipa?"

"Anasema mshipa mmoja mdogo ulikuwa umeguswa. Amesema hivi, nimeandika mkononi. Alfa ishuke nusu kila wiki, au karibu na hapo. Ikishuka hadi chini kabisa, tushukuru. Ikisimama njiani, kuna kilichobaki. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na wewe ulijipima lini?"

Nikasema mtandao mbaya. Akasema, "Mtandao uko sawa. Jipime."

Nilikaa kwenye jiwe hadi jua likaniumiza macho. Huyu ndiye niliyemwandika mwezi wa pili kwamba hana mlango mdomoni. Sikuufuta ule mstari, ubaki hapo unisute.

20 Mei

Kaka amerudi kambini jana. Leo nimemtoa damu. Amekonda, kovu limempinda kama anayesikiliza kitu upande mmoja. Alinyoosha mkono, akatazama mlango.

"Namba ikitoka, usipige simu," akasema. "Uje mwenyewe. Na ukifika, useme kabla ya chai."

98.

21 Mei

Nimekwenda, nimesema 98, imeshuka inavyotakiwa. Akaitikia kwa kichwa. Handaa akanipa chai.

3 Juni

33. Nimeenda kusema. Majani yametoka, punda wa jirani amenenepa. Kaka amepanda farasi kwa mara ya kwanza, kwa mwendo wa pole. Sikuthubutu kufurahi kwa sauti.

17 Juni

29.

Ilipaswa kuwa tisa, au chini ya hapo. Daktari Yadam anasema tusikimbilie, tusubiri siku kumi. Namba imesimama njiani. Nimemwambia kaka hivyohivyo, imesimama njiani. Akauliza, "Imesimama kupumzika au imesimama kugeuka?" Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui, na hili ndilo jibu langu la kwanza kwake mwaka huu ambalo halikunitia haya.

18 Juni

Nimepima damu yangu. Nilijichoma mara mbili kabla ya kuupata mshipa. Alfa ni 3. Nimempigia mama, nikamsomea namba kwa sauti, na jina la kipimo, na jina la ugonjwa kinaoutafuta. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia.

27 Juni

Usingizi hauji vizuri. Kila nikifumba macho naona karatasi.

28 Juni

41.

Nimepima mara moja, kisha nikaipima tena kwa sababu ni kaka yangu. 41. Pivka nimeituma, lakini sihitaji kuingoja ili nijue njia inaelekea wapi. Daktari Yadam amesema kama kimerudi na kimeonekana kikiwa kidogo, huchomwa kwa sindano bila kukata tena. "Tofauti na Februari," akasema, "safari hii tuko nyuma yake siku kumi, si wiki kumi." Amewapigia simu mji mkuu nikiwa nimesimama hapo.

29 Juni

Njia nzima nimekuwa nikitafuta maneno ya kuanzia.

Kaka alikuwa nje ya zizi, na kitambaa cha kichwa. Handaa anakamua, mama kwenye mlango wa hema na kijiko chake. Kaka aliniona nashuka, akaacha alichokuwa akifanya, akaja. Akafika mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama asubuhi ya kwanza ya mwaka, ingawa ni katikati ya majira ya joto na nzi wametujaa.

"Mwaka huu hatukuamkiana vizuri," akasema. "Shika."

Nikamshika viwiko kwa chini. Ni vyepesi.

"Umekaa salama?"

"Ninaogopa, kaka."

"Baridi ilikupita salama?"

"Haikunipita salama."

Mama hakuziba masikio. Handaa alikuwa ameacha kukamua.

"Na damu yangu inasemaje?"

"Arobaini na moja," nikasema. "Imegeuka. Imeanza kupanda."

Hakutoa mikono yake. Niliusikia uzito wake ukinijia kidogo kidogo viganjani, hadi nikalazimika kusogeza mguu nyuma ili nisianguke. Tulisimama hivyo. Aliponinusa shavu, kulia na kushoto, uso wake ulikuwa na maji, au wangu.

"Handaa," akaita, "mdogo wangu amefika. Mpe chai." Kisha akabadili. "Hapana. Lete hapa bakuli langu, anipe yeye."

Nikampa kwa mikono miwili. Akanywa hadi chini.

Gari la mji mkuu linaondoka Jumatano.